Komwe, Kisogo na Tiketi ya Istanbul

Hoja iliyo mbele ya kikao ni ya mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo. Mara kadhaa kwa mwaka hupanda ndege kwenda Istanbul, hulala kwenye hoteli za Laleli, huchagua magauni na jinzi kwenye maduka ya jumla, humwachia wakala mzigo na kuulipia kwa kilo, kisha hurudi Dar. Istanbul hiyohiyo ndiko wanaume wa dunia nzima wanakokwenda kupandikizwa nywele. Ukikaa kwenye uwanja wa ndege wa mji ule huwezi kukosa kuwaona: vichwa vimenyolewa, vina vidoti vya damu iliyokauka, utepe mweusi umefungwa kwenye paji, wamekaa wanasubiri kuitwa getini bila aibu yoyote. Bwana huyu ana miaka 33. Nywele zake zimeanza kurudi nyuma pande zote mbili za paji, na vijana wa mtaani wameshampa jina: Komwe. Anachouliza ni kwa nini safari moja isimalize shughuli mbili.

Wazungumzaji nimewaita kwa kazi zao. Wao ni wa kubuni, hoja zao si za kubuni. Kaa kwenye saluni yoyote kati ya Mtaa wa Congo na Msimbazi Jumamosi jioni, utazisikia. Kiti cha mwenyekiti nimekalia mwenyewe, na sitajidai kuwa sina upande.

MFANYABIASHARA: Mimi naongea kibiashara. Tiketi imeshalipwa na mzigo, hoteli imeshalipwa na mzigo. Vituo vya kule vinataja dola 2,000 hadi 4,000 hivi, na humo kuna chumba, dereva wa kukupokea na dawa za kuondokea. Tuseme milioni tano mpaka kumi za kwetu. Kuna watu hapa wametia hela hiyo kwenye rimu na muziki wa gari, na hakuna aliyewaitishia kikao. Mimi nauza kwa sura. Nikirusha video ya mzigo mpya, wa kwanza anachangia kuhusu paji langu, wa pili anacheka, wa tatu ndiyo anauliza bei ya gauni.

KINYOZI: Bosi, hela ni yako, sikupangii. Lakini kichwa hicho nakijua kuliko mkeo. Kuna mambo matatu hayahitaji pasipoti. Nakupiga namba sifuri, napitisha wembe, nakufanyia skrabu, unatoka hapa na kipara safi. Hutaki kipara, nakuchonga laini na kupaka piko pale palipopungua, mpaka Jumatano hakuna anayejua. Hutaki piko, vaa kofia.

MFANYABIASHARA: Piko ikutane na jasho la Kariakoo saa saba mchana?

KINYOZI: Ndiyo maana nimesema mpaka Jumatano.

MZEE: Naomba nichangie.

MFANYABIASHARA: Shikamoo, mzee wangu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Mimi nimekaa Gerezani tangu hizi ghorofa hazijaota. Wakati wetu mtu akianza kung'aa utosini tulisema fedha inamkaribia. Mwenye kipara alikuwa mwenye nyumba, na mwenye komwe alikuwa mwenye akili. Toa noti ya elfu moja mfukoni umtazame Mwalimu: paji limepanda juu, na hakuna aliyemwambia arudishe nywele kwanza ndipo aongoze nchi. Leo kijana ana duka, ana gari, ana watoto, anakosa usingizi kwa sababu ya vidole viwili vya ngozi.

KINYOZI: Mzee, hiyo imani ya kipara na hela ina ubaya wake. Mwaka 2017, Msumbiji, kule Zambezia, wenye vipara waliuawa. Polisi walisema wauaji wameaminishwa kuwa kichwa cha mwenye kipara kina dhahabu ndani.

MZEE: Hao ni wauaji, usiwaingize kwenye mazungumzo ya watu wazima.

Mzee ana haki ya kukasirika, lakini kinyozi hakukosea. Kipara hakijawahi kuachwa kiwe ngozi tupu. Watu hukipa maana, iwe ya utajiri, uzee, ulevi au hekima, na anayekibeba hulipa gharama ya maana hizo bila kuulizwa. Kwa hiyo sitamwambia mfanyabiashara kwamba anajali upuuzi. Mwanamke akitengeneza nyusi hatumwitishii mjadala. Mwanamume mwenye duka la nguo akitaka paji lake liwe kama la zamani, naye aachwe atake. Swali langu ni jingine: mstari huo mpya utapita wapi, na nani ameshika kalamu? Hapo ndipo nilipomwita daktari wa ngozi.

DAKTARI: Kabla ya kalamu, tuanze na ugonjwa. Nywele zinatoka kwa sababu nyingi, na sababu nyingine upandikizaji hauzigusi kabisa. Kuna mapunye, na hayo, kinyozi, mashine ikitoka kwenye kichwa kimoja kwenda kingine bila kupita kwenye spiriti ndiyo njia yake. Kuna viraka vya mviringo vinavyotokea ghafla, mwili wenyewe unashambulia nywele zake. Kuna upungufu wa damu, tezi ya shingo, homa kali, kuzaa. Mtu akipandikiza juu ya tatizo ambalo bado linaendelea, amepanda kwenye shamba linaloungua. Huyu bwana wetu nimemwangalia. Yake ni ile ya kawaida ya wanaume. Inaanza kwenye pembe za paji na utosini, inaendelea polepole, na inatokana na urithi na homoni ya kiume.

MZEE: Homoni ya kiume? Kwa hiyo kipara ni uanaume umezidi?

DAKTARI: Hapana mzee, wenye vipara na wasio navyo homoni zao zinalingana tu. Tofauti ni jinsi mashina ya nywele yanavyoipokea. Ila kuna jambo litakufurahisha. James Hamilton, Mmarekani, alionyesha miaka ya 1940 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati kipara. Matowashi walikufa na nywele zao zote.

MZEE: Basi bora komwe.

(Kikao kilicheka kwa muda. Nikakiacha kicheko kipite.)

DAKTARI: Huyohuyo Hamilton ndiye aliyepanga hatua za upara mwaka 1951, na O'Tar Norwood akaziboresha mwaka 1975, ndiyo kipimo kinachotumika mpaka leo, hatua ya kwanza hadi ya saba. Bwana wetu yuko kwenye ya tatu. Tatizo langu si hapo alipo. Ana miaka 33, na hakuna ajuaye kama atasimama kwenye ya nne au atafika ya sita. Baba yako yukoje? Wajomba?

MFANYABIASHARA: Baba ana nywele. Wajomba wote wawili ni vipara, zimebaki za pembeni na nyuma.

DAKTARI: Urithi huu unatoka pande zote mbili, kwa hiyo wajomba wahesabiwe.

MFANYABIASHARA: Lakini daktari, si ndiyo sababu ya kupandikiza? Zikitoka zote, nilizopanda zinabaki.

DAKTARI: Umesema kweli, na hapo ndipo penye mtego. Nywele za kisogoni haziisikii ile homoni kama za mbele. Norman Orentreich wa New York alilieleza hilo mwaka 1959: shina la kisogoni ukilihamishia mbele linabaki na tabia ya kisogoni. Mjapani Shoji Okuda alikuwa ameshahamisha nywele kwa wagonjwa walioungua na kuandika mwaka 1939, lakini vita vikaja na kazi yake haikusomwa nje ya Japani kwa miaka mingi. Upandikizaji wote wa leo umesimama juu ya jambo hilo. Sasa fikiria: unachora mstari wa kijana wa miaka ishirini, unaujaza nywele zisizokufa. Nyuma ya mstari huo nywele zako za asili zinaendelea kuondoka. Ukifika miaka 50 una ukanda wa nywele mbele, nyuma yake ngozi tupu, kisha kisogo. Hakuna mwanadamu anayezeeka hivyo. Kipara cha kawaida kinapendeza kuliko hicho.

MFANYABIASHARA: Basi naongeza nyingine nyuma yake.

DAKTARI: Kutoka wapi?

Daktari aliuliza kwa upole, lakini swali hilo ndilo kikao chenyewe. Hakuna nywele mpya zinazotengenezwa katika shughuli hii, zinahamishwa tu. Kisogo ni mtaji usiozalisha, na mtu wa Kariakoo anaelewa vizuri kuliko wengi maana ya kula mtaji. Nilimwomba daktari atoe hesabu, maana hapa baraza letu halisadiki maneno matupu.

DAKTARI: Nywele hazioti mojamoja kote. Zinaota kwa vishina, kila kishina na nywele moja mpaka nne. Mtu wa kawaida ana vishina 4,000 mpaka 6,000 hivi vinavyoweza kutolewa kisogoni maisha yake yote bila kisogo chenyewe kuanza kuonekana kimeliwa. Sisi wenye nywele za kipilipili tuna nywele chache zaidi kwa kila sentimita, kwa hiyo hesabu yetu iko chini ya hapo. Sasa chukua paji. Upana wa mstari tuseme sentimita 12. Ukiushusha kwa sentimita moja tu, umepata sentimita 12 za mraba za kujaza. Weka vishina 40 kwa kila moja: 480. Ukishusha kwa sentimita mbili na nusu, kama unavyotaka wewe, ni 1,200. Bado hujajaza pembe, bado hujafika utosini, na wajomba zako wanakusubiri. Kituo kikikuambia kitapanda 4,000 kwa siku moja, kinakuuzia mtaji wako wote kwa mkupuo.

MFANYABIASHARA: Na mstari wa haki unapita wapi?

Daktari alitoa kalamu ya kuchorea ngozi. Aliweka kidole cha shahada katikati ya nyusi, akapandisha rula ndogo ya plastiki wima juu ya paji, akatia nukta kwenye sentimita saba na nusu. Kisha akaweka nukta mbili pembeni, akilenga juu ya pembe ya nje ya kila jicho. Hakuziunganisha kwa mstari ulionyooka. Alikwenda na mkono unaotetemeka kwa makusudi, mawimbi madogo, huku akiacha pembe za paji zimeingia ndani kidogo. Mfanyabiashara alijitazama kwenye kioo cha saluni na uso ukamshuka.

MFANYABIASHARA: Daktari, hii mbona ndiyo niliyonayo?

DAKTARI: Umeongezewa karibu sentimita moja katikati na pembe zimefunikwa nusu. Mwanamume mtu mzima ana pembe. Asiye nazo ni mtoto, au mtu aliyepandikizwa vibaya. Safu ya mbele kabisa tunatumia vishina vya nywele mojamoja, tena vilivyopangwa ovyoovyo, vimelala kuelekea mbele. Vya nywele mbili na tatu vinakaa nyuma yake. Zamani walikuwa wanatoboa vipande vya milimita nne na kuvipanda kwa safu. Nywele zikaota kwa vishada, na nafasi kati ya kishada na kishada ikabaki wazi. Siku hizi tundu ni milimita moja au chini yake. Lakini ukipanda kwa mstari ulionyooka, hata tundu liwe dogo vipi, jicho linakataa.

KINYOZI: Hapo daktari nakupinga. Mimi nachonga laini zilizonyooka kila siku na watu wanalipia. Mtu mweusi laini yake ni ya kunyooka. Angalia wachezaji, angalia wanamuziki. Hizo pembe zilizoingia ndani ni za Wazungu kwenye vitabu vyenu.

DAKTARI: Nusu ya hoja yako naikubali. Ni kweli, mistari yetu ya asili mara nyingi ni mipana na imenyooka kuliko ya Wazungu, na daktari wa Ulaya akituchorea pembe kwa kukariri kitabu chake anatuharibu. Lakini laini yako wewe ni ya wembe. Ukikosea leo, baada ya wiki mbili zimeota na unachonga upya. Nikikosea mimi, atazikwa nayo.

Kinyozi alinyamaza, na mimi nikampa alama zake. Madaktari wengi waliojifunza kwa vichwa vya Ulaya hawajakaa kumwangalia kinyozi wa Kariakoo akifanya kazi. Anajua uso wa mtu mweusi ulivyo mpana, anajua mahali ambapo laini ikishuka kwa nusu sentimita tu mtu anaonekana mjinga. Kama ningekuwa mimi ninayepandikizwa, ningetaka kinyozi wangu awepo wakati wa kuchora. Halafu ningemtoa nje.

Kuna jambo daktari alilisema haraka na mimi nataka tulikalie. Shina la nywele ya kipilipili limepinda chini ya ngozi. Kwa nje unaona nywele imetoka upande huu, kumbe mzizi wake umejikunja kuelekea upande mwingine. Anayetoboa kwa kifaa kilichonyooka, akifuata anachokiona, analikata shina katikati; limepotea kisogoni na mbele halioti. Fundi aliyezoea nywele za Waturuki na Wajerumani anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mtaji wa mtu kabla ya chakula cha mchana, na mwenye kichwa amelala kifudifudi, ganzi imemshika, hana habari. Sanusi Umar, daktari wa ngozi mwenye asili ya Nigeria anayefanya kazi California, alibuni kifaa cha kufuata mpindo huo kwa sababu vilivyokuwepo havikuwa vimetufikiria. Upande wa pili ni wa neema: nywele iliyojikunja hufunika ngozi nyingi, na weusi wa nywele juu ya weusi wa ngozi hausutani, hivyo kwetu vishina vichache huonekana vingi. Kipilipili ni kigumu kukitoa, lakini kikishika kinalipa.

MZEE: Mimi nina la dini. Tumefundishwa kuhusu kuunganisha nywele, na kuhusu kubadili umbo. Hili likoje?

Katika Kariakoo, mtaa wenye misikiti kila baada ya hatua chache, swali hili huulizwa mapema, na wapo walioahirisha safari kwa ajili yake. Nilimjibu mzee kwa niliyoyasoma. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanatofautisha kuunganisha nywele za kigeni na kurudisha zilizopotea kwa kutumia za mtu mwenyewe. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia aliruhusu, akitegemea kisa kilichomo kwa Bukhari cha watu watatu wa Bani Israili, mwenye ukoma, mwenye kipara na kipofu, ambapo malaika alimrudishia yule wa kipara nywele nzuri. Baraza la kimataifa la fikihi, katika kikao chake cha mwaka 2007 kule Putrajaya, Malaysia, liliingiza upandikizaji wa nywele zilizotoka katika matibabu yanayokubalika, likaongeza: hasa kwa mwanamke.

MSUSI: Asante, mwenyekiti. Hilo la mwisho lirudie.

Alikuwa amekaa mlangoni tangu mwanzo, kichwa cha mteja kati ya magoti, anasuka rasta bila kuinua uso.

MSUSI: Mnaongea tangu asubuhi kama vile nywele zinadondoka kwa wanaume tu. Njooni mkae na mimi. Wanaokuja hapa, nikifungua wigi, nywele za mbele hazipo. Pembeni juu ya masikio hazipo. Paji limefika katikati ya kichwa. Tena ni wasichana. Mwanamume akipata komwe anapewa jina la utani na maisha yanaendelea. Msichana anajifungia bafuni ndiyo avue wigi, mumewe asione. Mwaka 2019 Waziri Mpango alipoweka kodi kwenye mawigi, asilimia 10 ya hapa ndani na 25 ya kutoka nje, watu walicheka kwamba ni kodi ya urembo. Kuna waliokuwa wanakatwa kodi ya kuficha kidonda.

MFANYABIASHARA: Lakini dada, si ninyi wasusi mnaowabana?

MSUSI: Kaka yangu, nikisuka kwa kulegeza, mteja anasema sijasuka. Anataka ibane ikae miezi miwili. Akitoka hapa anapita duka la dawa, ananunua Panadol, anameza mbili ili alale. Vipele vyeupe vinaota kwenye mstari wa mbele, anasema vitapoa. Halafu juu yake anataka wigi la gundi. Mimi nasema ukweli: nimebana vichwa vingi, kwa sababu kodi ya fremu haisubiri nimwelimishe mteja.

DAKTARI: Anachokisema kimepimwa. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town na wenzake walikuta karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliowachunguza wana upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Mwanzoni zinarudi, ukiacha kubana. Ukiendelea miaka, shina linakufa na mahali pake panakuwa kovu laini. Hapo hakuna mafuta wala dawa ya kienyeji itakayoziotesha.

MSUSI: Na kupandikiza?

DAKTARI: Kwa huyo, ndiyo. Tena ni bora kuliko kwa huyu bwana. Aliyepoteza mstari wa mbele kwa kubanwa, akishaacha kubana, hana homoni inayomfukuza kutoka nyuma. Eneo ni dogo, kisogo ni kizima, na pengo halitakua. Mstari wake unachorwa mara moja na unabaki pale. Masharti ni mawili. Awe ameacha, kwa uhakika, mwaka mzima au zaidi, na hali imetulia. Na tuwe na hakika ni kuvutwa, maana kuna ugonjwa mwingine unaoanzia utosini, unawasha na kuunguza, unaacha kovu unavyosambaa. Huo unahitaji kipande cha ngozi kipimwe maabara na dawa kwanza. Ukiupandikizia ungali hai, unakula na vilivyopandwa.

Hapa ndipo nilipokuwa nataka kikao kifike. Kipara cha mwanamume ndicho kinachozungumzwa na ndicho chenye matangazo, lakini mgonjwa anayefaa zaidi kwa upasuaji huu ndani ya Ilala yuko chini ya wigi, na hakuna kituo kinachomwekea tangazo kwa sababu haji kuuliza. Safari yake ya kwanza haipaswi kuwa ya Istanbul. Kliniki ya ngozi ya Muhimbili iko Upanga, si mbali na meza ya msusi. Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 na kimesomesha watu wa nchi nyingi za Afrika. Kazi yake kubwa imekuwa ukoma, upele, fangasi, ngozi za watu wenye ualbino, na ndivyo inavyopasa. Ila anayetoka pale ana jicho la kutofautisha nywele iliyovutwa na nywele inayougua, na jicho hilo linamwokolea mtu mamilioni.

MFANYABIASHARA: Mmenisahau. Mimi nina tiketi.

DAKTARI: Hujasahaulika. Nieleze, Laleli unafanya nini siku zako?

MFANYABIASHARA: Natembea. Duka hadi duka, ghorofa hadi ghorofa. Nabeba sampuli, nafunga marobota na vijana wa kago, silali.

DAKTARI: Basi siku za mwanzo baada ya kupandikizwa usibebe, usiiname sana, usitoe jasho jingi, usilalie mbele, usipigwe jua, usivae kofia inayobana. Magamba yanadondoka baada ya siku kumi hivi. Baada ya wiki chache nywele ulizopandwa zinadondoka zenyewe, na hilo ni la kawaida. Zinaanza kurudi mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili unaiona baada ya mwaka, pengine zaidi. Katika mwaka huo ukipata usaha au uvimbe, aliyekupanda yuko Istanbul na wewe uko Kariakoo.

MFANYABIASHARA: Na kule wenyewe ni madaktari?

DAKTARI: Wapo madaktari hodari sana. Pia wako ambao daktari ni picha ukutani, na wanaotoboa ni mafundi. ISHRS, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa upasuaji wa nywele, inalipigia kelele jambo hili kwa miaka, na imetenga Novemba 11 kuwa siku ya kuwasaidia walioharibiwa. Uliza nani atachora mstari, nani atatoboa, ameshawafanyia wangapi wenye kipilipili, na akuonyeshe picha zao baada ya mwaka, wamenyolewa, kisogo kikionekana.

KINYOZI: Kisogo! Hapo ndipo ninapotaka kusema. Bosi, wewe unanyoa namba moja. Wakikutoboa vitobo elfu kisogoni, kila kitobo kinaacha alama. Kwenye ngozi yetu zinakuwa nyeupe. Nikikupiga namba moja, mteja wako anaona kisogo cha madoamadoa.

DAKTARI: Kweli kabisa. Na wakitoa kwa kukata ukanda wa ngozi badala ya vitobo, kuna kovu refu toka sikio hadi sikio. Nalo halionekani ukifuga, linaonekana ukinyoa. Anayependa kunyoa chini sana afikirie mara mbili. Na nionyeshe shingo yako. Hivi vipele vya kisogoni umekuwa navyo muda gani?

MFANYABIASHARA: Hivyo? Vinakuja baada ya kunyoa. Kimoja kimekuwa kigumu.

DAKTARI: Hicho kigumu ndicho kinachonitisha. Ngozi inayojibu wembe kwa kovu lililovimba inaweza kujibu sindano na vitobo hivyohivyo. Mimi nisingempandikiza mtu huyu vishina elfu bila kwanza kumfanyia jaribio la vishina vichache, na kusubiri miezi kadhaa nione kisogo kinasema nini na mbele panaota nini. Wakati huo tunatibu vipele, na tunaweza kujaribu kuzizuia zilizobaki. Minoksidili ya kupaka inapatikana. Ilianza kama dawa ya presha, Marekani ikaikubali kwa nywele mwaka 1988. Finasteridi ilikuwa ya tezi dume, ikakubaliwa kwa kipara mwaka 1997. Hiyo ya pili ina madhara kwa baadhi ya wanaume, nguvu za tendo zinapungua, kwa hiyo haipewi mtu kwa kuongea barabarani. Na vidonge vyake vilivyovunjika mke akiwa mjamzito asivishike.

MZEE: Nilisema bora komwe.

MFANYABIASHARA: Mzee, ngoja. Daktari, dawa hizo natumia mpaka lini?

DAKTARI: Mpaka utakapochoka kuwa na nywele. Ukiacha, zilizozuiliwa zinaondoka. Hata ukipandikiza bado utazihitaji, kwa ajili ya zile za asili zilizobaki nyuma ya mstari.

Nilipiga meza nikaomba kila mmoja aseme msimamo wake kwa ufupi. Mzee hakubadilika. Kinyozi alisema apandikize akitaka, ila mstari wachore wawili. Msusi aliomba jambo moja tu, daktari aje saluni kwake Jumatatu, siku isiyo na wateja wengi, aangalie vichwa vya watu wanne ambao hawatakubali kwenda hospitali. Daktari alikubali, na kwangu mimi hiyo ndiyo hoja pekee iliyopita bila kupingwa. Msimamo wangu kuhusu mfanyabiashara ni huu: aende Istanbul akalete magauni. Mtu wa miaka 33 mwenye wajomba wawili vipara na kovu gumu kisogoni hana haraka yoyote isiyoweza kusubiri miaka mitatu minne, na upara wake ukishajulikana unakoelekea, mstari utachoreka kwa akili zaidi.

MFANYABIASHARA: Na hilo jaribio la vishina vichache, nalo linalipiwa?

DAKTARI: Linalipiwa.

MFANYABIASHARA: Kiasi gani?

DAKTARI: Inategemea nani anafanya na wapi.

MFANYABIASHARA: Sasa daktari, wewe umenipa hesabu ya vishina mpaka vya mjomba, bei ndiyo unaniambia inategemea? Kinyozi, weka kitambaa. Leo piga namba mbili, kisogoni usiguse na wembe.